UZI: Michezo ya watoto ni ya watoto wote, tuache kuchuja mapema

kocha_jioni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie baadae akitulia.

Nina hoja moja tu na nitaizungukia mpaka ieleweke. Timu ya watoto isipimwe kwa makombe, ipimwe kwa idadi ya watoto waliorudi msimu uliofuata. Kama mlianza na watoto 30 na msimu unaofuata wamebaki 12, hata mkibeba kombe gani hiyo programu imefeli, maana wale 18 mliowapoteza ndio wengi na ndio waliokuwa wanahitaji mazoezi kuliko hao mliobaki nao.

WHO, shirika la afya duniani, wanasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anatakiwa apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili kisawasawa, ile ya kuhema na kutoka jasho. Takwimu za mwaka 2016 zilizochapishwa 2019 zinaonesha asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 mpaka 17 duniani hawafiki hapo, wasichana 85, wavulana 78. Nchi tajiri wamo, nchi maskini wamo. Alafu katikati ya hali hiyo sisi tunaita majaribio ya watoto wa miaka 8, tunawapanga mstari, wewe baki, wewe nenda. Aende wapi?

Na huo mchujo wenyewe hata hauoni vizuri. Miaka ya themanini mwanasaikolojia mmoja wa Kanada anaitwa Roger Barnsley alienda na mkewe Paula kuangalia mechi ya vijana ya hoki ya barafu, mke anapitia karatasi ya majina ya wachezaji akashtuka, mbona wengi wamezaliwa Januari, Februari na Machi? Wakaenda kuchimba kwenye ligi nyingine wakakuta ni yale yale. Sababu ni kwamba makundi ya umri yanakatwa tarehe 1 Januari, kwa hiyo wa Januari na wa Desemba wanahesabiwa umri mmoja wakati wamepishana karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 8 mwaka mmoja ni sehemu ya nane ya maisha yake yote. Kocha anaona mtoto mrefu, ana mbio, ana nguvu, anasema huyu kipaji. Kipaji gani, amewahi kuzaliwa tu. Basi huyo anapewa kocha mzuri, mechi nyingi, kiwanja kizuri, akifika miaka 14 kweli anakuwa bora na kocha anatamba "si niliwaambia".

Kuna utafiti wa mpira wa miguu wa 2017 ulinifurahisha sana. Wasaka vipaji waliangalia mechi za vijana wakaambiwa wapange nani bora, wakawapendelea waliozaliwa mapema. Wengine wakapewa na tarehe za kuzaliwa kabisa, bado wakawapendelea walewale. Kundi la tatu likaoneshwa jezi zilizopangwa namba kwa kufuata umri, hapo upendeleo ukaisha. Yaani kujua tu haikusaidia, ilibidi jicho likumbushwe muda wote wakati mechi inaendelea. Hiyo haina gharama, ni kupanga namba tu, kesho mtu anaweza kufanya.

Nakaribisha maoni, matusi peleka kwingine.

Mshambuliaji9

Mkuu heshima yako ila hapa naona tunalea watoto legelege. Maisha ni ushindani, mtoto asiyejifunza kufungwa akiwa mdogo atajifunza lini? Hizo habari za kila mtu apewe medali zimeharibu kizazi. Na ukiacha kuchuja, yule mwenye kipaji cha kweli anachezeshwa na wasiojua hata kutuliza mpira, anadumaa. Ushindi ndio unaomfanya mtoto arudi, nani anapenda timu inayofungwa kila wiki.

kocha_jioni

Mshambuliaji9 umekuja na hoja nzuri, ila umeweka vitu vitatu kwenye kapu moja. Sijasema wasishindane. Mtoto ukimpa mpira na mwenzake mmoja tayari wameshaanza kushindana, hawasubiri ruhusa yako wala yangu. Ninachopinga ni watu wazima kuugeuza huo ushindani kuwa jedwali la ligi na mchujo.

Angalia Norway. Wana kanuni zao za haki za watoto katika michezo, za sasa zilipitishwa 2007, zinasema chini ya miaka 11 hakuna kutangaza matokeo wala msimamo wa ligi, na mashindano ya ubingwa wa taifa mtoto haruhusiwi mpaka afikishe miaka 13. Mabao watoto wanahesabu wenyewe, hakuna anayewaziba midomo. Sasa hao "legelege" mwaka 2018 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule PyeongChang walichukua medali 39, hakuna nchi iliyowahi kufikisha hizo kabla yao, na 2022 wakachukua dhahabu 16. Najua utaniambia wana theluji na wana hela, na ni kweli, sisemi kanuni peke yake ndio imeleta medali. Nasema tu kutokuchuja mapema hakujawaua.

Kuhusu kinachowarudisha watoto, kuna watafiti Marekani waliwauliza watoto wa soka wenyewe nini kinafanya mchezo uwe raha. Vikakusanywa vitu 81. Kushinda kulishika nafasi ya 48. Juu kabisa kulikuwa na kujituma, kocha anayekuheshimu, na kupata muda wa kucheza. Muda wa kucheza mkuu! Mtoto ni bora afungwe akiwa uwanjani kuliko kushinda akiwa benchi.

MamaWawili

Mimi naona nyie makocha mnaongelea mchujo wa uwanjani, mimi naongelea mchujo unaotokea kabla mtoto hajafika huko uwanjani. Ada ya usajili, jezi, viatu, kinga za miguuni, nauli ya kwenda na kurudi, mechi ya ugenini mnaambiwa mchangie, mashindano mnaambiwa mchangie tena, alafu kuna jezi mpya kila mwaka kwa sababu mdhamini kabadilika. Mzazi anapiga hesabu ya watoto wawili anamwambia mmoja asubiri. Na anayeambiwa asubiri mara nyingi ni wa kike, tusidanganyane.

Na msituletee ile ya "asiye na uwezo amuone kocha pembeni". Hakuna mtoto anayetaka kuwa yule ambaye mama yake alimuona kocha pembeni, wenzake wanajua siku hiyo hiyo. Bora fomu iwe moja kwa wote, ina sehemu ya kujaza kiasi mnachoweza, inaenda kwa mtu mmoja tu wa fedha na kocha asijue kabisa nani kalipa nini. Viatu navyo, mtoto anavikataa kabla havijachakaa kwa sababu mguu umekua, kwa nini visirudishwe klabu apewe wa chini yake? Vya wote, sio vya maskini. Hata mtoto wa tajiri achukue humo humo, ndio aibu inavyoisha.

Alafu muda. Mazoezi mnaweka saa ambayo mzazi yuko kazini, mtoto aje na nani? Mkishaona watoto wanaokuja wote ni wa wazazi wenye magari mjue sio kwamba wengine hawapendi michezo.

kocha_jioni

MamaWawili hilo la fomu nalibeba kama lilivyo. Ila kuna hili la wasichana, tufafanulie zaidi, maana kwetu wakifika miaka 12, 13 wanapungua mmoja mmoja na ukiuliza unaambiwa "amechoka".

MamaWawili

Hajachoka kaka yangu. Mwili umebadilika na hakuna mtu mzima aliyemwambia chochote. Anahitaji sidiria ya michezo na anaona haya kusema, bukta mmempa nyeupe na ana hofu ya hedhi, choo hakina mlango au hakipo, anabadilisha nguo nyuma ya gari, na wavulana wa timu ya pembeni wanachungulia na kucheka. Ungekuwa wewe ungeenda?

Bukta iwe ya rangi nzito, hilo halina mjadala. Awepo mwanamke kwenye benchi la ufundi, hata kama sio kocha mkuu, mtu ambaye binti anaweza kumnong'oneza. Pedi ziwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza pamoja na bandeji, bila kuombwa. Anayetaka kucheza na suruali ndefu au kujifunika kichwa achezeshwe, FIFA wenyewe waliruhusu hijabu 2014 na mpira wa kikapu FIBA wakafuata 2017, sasa wewe wa mchangani unamzuia kwa sheria ya nani?

kiti_mwendo

Nimesoma uzi wote nasubiri mtu atutaje, naona bado. Naandika kama niliyekulia kwenye kiti cha magurudumu. Kipindi cha michezo shuleni kazi yangu ilikuwa kushika saa na kutunza mabegi ya wenzangu. Mwalimu alikuwa mtu mwema tu, aliamini ananihurumia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa 2006, ibara ya 30, unasema watoto wenye ulemavu wapate kucheza na kushiriki michezo sawa na wenzao, ikiwemo ya shuleni. Kushika saa sio kushiriki.

Watu wanadhani mpaka vije vifaa vya gharama. Badilisha vitu vinne tu: eneo, kazi yenyewe, kifaa, na watu. Eneo, punguza au panua uwanja. Kazi, ruhusu mpira udunde mara mbili, au umpe mmoja muda zaidi kabla ya kunyang'anywa. Kifaa, mpira mkubwa zaidi, mwepesi, wenye rangi kali, au unaotoa sauti. Watu, panga nani anacheza na nani. Hakuna kinachomzuia mtu kufanya hivyo jioni ya leo. Goalball, mchezo wa wasioona wa kurusha mpira golini, ilibuniwa 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza macho vitani, mpira una njuga ndani, na mstari wa uwanja ni kamba chini ya utepe ili mchezaji auhisi kwa kidole. Boccia, mchezo wa kusogeza mipira karibu na mpira wa shabaha, nayo iko Paralimpiki tangu 1984, mtu anayeweza kusogeza kichwa tu anacheza kwa kuachia mpira kwenye mfereji. Wakiweza hao, wewe unashindwaje kumpa mtoto mmoja nafasi kwenye zoezi la pasi?

Ila naomba jambo moja. Muulizeni mtoto mwenyewe kwanza. Sio mzazi, sio mwalimu, yeye. Tumechoka kupangiwa.

Mshambuliaji9

kiti_mwendo hapo umenigusa, sina la kupinga. Hata hivyo narudi kwenye hoja yangu, yule anayetaka kufika mbali tumfanyeje? Mimi wa kwangu ana miaka 9 anafanya mazoezi ya mpira siku 6 kwa wiki na ana kocha binafsi, anapenda mwenyewe, simlazimishi.

fizio_magoti

Naomba nimjibu Mshambuliaji9 kwa sababu watoto wa aina hiyo ndio wanaojaza chumba changu cha matibabu.

Mfupa wa mtoto mwishoni una sehemu laini ambayo ndiyo inarefuka, na msuli unavuta pale pale. Akikimbia na kuruka mwendo uleule kila siku hasa kipindi anachorefuka kwa ghafla, panavimba. Chini tu ya goti, kile kivimbe kinachouma akipiga magoti, au nyuma ya kisigino, mtoto anatembea kwa vidole baada ya mechi. Wazazi wanaita "maumivu ya kukua" wanampaka dawa ya kuchua anaendelea kucheza. Sio ya kupuuza hata kidogo.

Madaktari wa watoto wa Marekani, chama chao kinaitwa American Academy of Pediatrics, walitoa ripoti 2016: mtoto asibobee mchezo mmoja mpaka kama miaka 15 au 16, apumzike siku 1 hadi 2 kwa wiki, na kwa mwaka akae mbali na mchezo wake mkuu jumla ya miezi 3, hata kwa mwezi mmoja mmoja. Kuna michezo kama jimnastiki ambayo watu wanafikia kilele mapema kwa hiyo hesabu yake ni tofauti kidogo, ila mpira wa miguu haumo humo. Kipimo kingine rahisi tunachotumia, saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wake. Wa miaka 9, saa 9 mwisho. Wa kwako anafanya ngapi?

Kucheza cha pekupeku na wenzake hatuhesabu kwenye hizo saa, hiyo mwache ajiachie. Na akigongwa kichwa akaonekana kazubaa, anatapika, anauliza kitu kilekile mara mbili, anatoka na harudi siku hiyo hata kama ni fainali.

Mshambuliaji9

Nimehesabu. Zinazidi. Ngoja niongee na huyo kocha binafsi. Ila la mashindano bado sijakubaliana na nyie, tutaendelea.

refa_mstaafu

Wazee wangu mmegusa kila kitu mmewasahau watu wa pembeni mwa mstari. Nimepuliza filimbi miaka mingi, mechi za wakubwa sikuwahi kutukanwa kama mechi za watoto chini ya miaka 10. Mtoto ana mpira mguuni, baba anapiga kelele "piga!", mama "toa pasi!", kocha "shikilia!", mtoto anasimama anaangalia pembeni, mpira unaibiwa, wote watatu wanashika vichwa.

Kocha anafundishika jamani. Kuna kazi ya wanasaikolojia wa chuo kikuu cha Washington kule Marekani, Smith na Smoll, ya 1992. Makocha wa besiboli ya watoto walipewa mafunzo mafupi tu, sifia juhudi, akikosea mtie moyo na umuoneshe namna, usimfokee. Msimu uliofuata waliochezea makocha hao ni asilimia 5 tu walioacha. Kwa makocha ambao hawakupewa mafunzo, asilimia 26. Na timu zao hazikupishana sana kwa kushinda! Semina ya saa chache, kocha_jioni hicho ndicho kipimo chako cha wanaorudi.

MamaWawili

Kabla hatujaenda mbali naomba hili nalo liingie, tena kwa herufi kubwa ingewezekana. Usalama. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja, iwe chumba cha kubadilishia, gari, au hoteli ya ugenini. Wawe wawili wakati wote. Kocha asimtumie mtoto meseji za faragha, kuna grupu na mzazi yumo. Anayejitolea achunguzwe alikotoka hata kama anachekesha watoto na analeta zawadi, tena huyo ndio achunguzwe zaidi. Yule daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani, Nassar, aliyehukumiwa 2018 kwa kuwadhalilisha wasichana kingono, wasichana walisema miaka mingi na watu wazima hawakuwasikiliza kwa sababu alikuwa mtu anayeheshimika na timu ilikuwa inashinda. Kila mtoto ajue ni nani wa kumwambia, na huyo mtu asiwe kocha wake.

kocha_jioni

Mama, hilo nalipeleka juu kwenye post ya kwanza, nitahariri.

mgeni_uwanjani

Wakuu mimi nimesoma nimeelewa ila nina swali la mtu wa chini. Nimeombwa kusaidia watoto 24 wa miaka 7 mpaka 9, mipira ninayo 6, uwezo wangu wa kufundisha ni wa kawaida. Nianzie wapi?

kocha_jioni

Karibu sana, mipira 6 wewe tajiri.

Kwanza usiwapange mstari. Lile zoezi la watoto 12 wamesimama nyuma ya koni wanasubiri zamu ya kupiga golini, mmoja anacheza 11 wanasukumana, kwa saa nzima mtoto kagusa mpira mara chache na dakika za kuhema hazipo. Gawa viwanja vidogo 4, kila kimoja watoto 6, watatu kwa watatu, mpira mmoja, mageti badala ya magoli makubwa, golikipa hakuna. Inabaki mipira 2 ya akiba ukitoka mmoja. Kila mtoto anagusa, anafunga, anafungwa, anakimbia, hana pa kujificha wala pa kuchoshwa na kusubiri. Ubelgiji walipopanga upya soka lao la watoto walienda njia hii, viwanja vidogo na wachezaji wachache, wadogo kabisa bila jedwali la ligi, na timu yao ya taifa ikaja kuwa ya tatu Kombe la Dunia 2018.

Badilisha timu kila baada ya dakika chache ili hakuna timu ya wababe. Vifaa navyo viendane na mtoto, mbona tenisi tangu 2012 mashindano ya miaka 10 kushuka ni lazima mipira ya polepole, na kikapu cha mini kina goli la mita 2.60 badala ya 3.05. Mpira wa miguu kwa hao wako uwe saizi ndogo, saizi 3 au 4, sio ule wa wakubwa unaomvunja mtoto kidole.

Siku ya mechi chukua karatasi, andika majina yote, gawa dakika kabla hamjaanza, kila mtoto nusu ya mechi angalau. Ukisubiri uamue mechi ikiwa moto utajikuta unawaacha walewale nje, mimi nakuambia, mikono yenyewe inaita wakali. Karatasi mpe mzazi mmoja anayejua kusoma saa, yeye ndio aseme nani anaingia. Wazazi wengine waambie mapema kwamba mechi za mwezi wa kwanza wanashangilia kwa makofi tu, maelekezo hakuna, watanuna wiki ya kwanza.

Na daftari la mahudhurio usiache. Mtoto akikosa mara mbili mfululizo piga simu nyumbani uulize anaendeleaje, usimuulize kwa nini hakuja.

mgeni_uwanjani

Asante mkuu. Wa miaka 7 na wa 9 niwachanganye au niwatenge?

kocha_jioni

Anza kuwachanganya kwenye michezo ya kukimbizana, kwenye viwanja vidogo watenge kwa ukubwa wa mwili na uzoefu, umri weka pembeni. Kuna wa 7 atakayewasumbua wa 9, na kuna wa 9 atakayefurahi kwa wa 7. Ukiona mmoja anafunga mabao yote mhamishe kiwanja, ukiona mmoja hagusi mpira mhamishe pia, fanya hivyo katikati ya zoezi bila kutangaza sababu.

fizio_magoti

Na mapumziko ya maji usisubiri waombe, hao hawaombi.